Chembe "zilizoupita" mwanga na kitenzi kilichotupotosha

Mwezi uliopita nilikuwa Remba. Kwa msomaji asiyekijua, hicho ni kisiwa kidogo cha mawe katika Ziwa Viktoria, upande wa Kaunti ya Homa Bay, ambako nyumba za mabati zimebanana hata mtu akipiga chafya jirani wa pili ndiye anayemwambia pole. Wavuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania huishi humo bega kwa bega. Nilikwenda kukusanya majina ya samaki na zana za uvuvi, kazi ambayo kisiwa kama hicho hukupa bila kukunyima. Mtanzania akisema dagaa, Mganda akasema mukene, Mjaluo akasema omena, hakuna anayepotea. Samaki mwenyewe yuko pale, ameanikwa juani, na kila mmoja anamwona.

Siku ya pili, tukinywa chai kibandani, nilijitapa kidogo kwamba zamani niliwahi kutafsiri habari za redio. Mzee mmoja mvuvi, ambaye hadi hapo alikuwa akinijibu kwa kichwa tu, aliweka kikombe chini.

"Basi wewe ndiye mtu wa kuuliza. Ile maneno ya vitu kupita mwanga mbio, ya miaka ile, iliishia wapi?"

Nilimwuliza ni miaka ipi, japo nilishajua.

"Ile ya 2011. Tulikuwa tunavua omena usiku na karabai. Redio ikasema mwanga umepitwa. Tulicheka mpaka asubuhi, tukisema hizi karabai zetu sasa ni za kizamani. Halafu hatukusikia tena. Bado umepitwa?"

Nilihisi joto shingoni. Siwezi kuapa kwamba habari aliyoisikia ni ile iliyopita mikononi mwangu, maana vituo vingi viliitangaza. Lakini yangu niliitafsiri, na nakala yake ninayo mpaka leo. Ilianza hivi: "Wanasayansi barani Ulaya wamegundua chembe zinazoupita mwanga kwa kasi, hatua inayopindua nadharia ya Einstein." Ni maneno 14. Wakati ule niliyaonea fahari kwa ufupi wake. Leo naomba nikae mahakamani mwenyewe, niwe mshtakiwa na kiongozi wa mashtaka kwa pamoja, kwa sababu karibu kila neno katika sentensi hiyo lina kesi.

Tuanze na kilichotokea hasa. Tarehe 23 Septemba 2011, kundi la watafiti liitwalo OPERA lilitoa matokeo yake katika ukumbi wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva. Kwa miaka mitatu walikuwa wakipokea nyutrino, chembe ndogo mno zisizo na chaji ambazo hupenya mwamba kama ambavyo sauti hupenya pazia. Nyutrino hizo zilitoka CERN zikafika katika maabara iliyochimbwa chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia. Umbali ni takriban kilomita 730, karibu sawa na mstari ulionyooka kutoka Remba hadi Mombasa. Mwanga, kama ungekuwa na njia tupu, ungetumia sekunde 0.0024 hivi. Watafiti walijumlisha matukio yapata 16,000 wakapata kwamba nyutrino zilifika mapema kuliko hesabu hiyo kwa nanosekunde 60 hivi. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwa kipimo cha darasani, ni muda ambao mwanga hutumia kuvuka rula moja ya sentimita 30. Sitini kati ya hizo ni mita 18, mashua mbili hivi zikipangwa zikifuatana.

Wao wenyewe hawakusema Einstein amepinduliwa. Mwishoni mwa ripoti yao walikataa kwa makusudi kutoa tafsiri yoyote ya kinadharia, na wakawaomba wenzao wa kwingineko waichunguze kazi hiyo na kujaribu kuipima upya. Kwa kifupi, walisema: tumepima, tumekagua, kosa hatulioni, tusaidieni kulitafuta.

Sasa hebu tazama nilichofanya. Nilichukua watu wanaosema "tusaidieni" nikawavika "wamegundua".

Kitenzi kugundua, msomaji mpendwa, si kitenzi cha kuchezea. Ukisema "Asha amegundua kwamba mtumbwi unavuja," umekwisha kukubali wewe mwenyewe kwamba mtumbwi unavuja. Huwezi kuendelea na kusema "lakini hauvuji", maana msikilizaji atakuuliza kama umelewa. Anayetumia kitenzi hiki hutia sahihi kwamba jambo lenyewe ni kweli. Kinyume chake ni kudai. "Asha anadai mtumbwi unavuja" humwacha Asha peke yake na madai yake, nasi tumekaa ng'ambo tukimkodolea macho. Kudai ni pia kutaka ulipwe deni, na anayedai deni sharti alete ushahidi. Kati ya vitenzi hivi viwili Kiswahili kina safu nzima: kuona, kuripoti, kukadiria, kushuku, kupima, kupata. Sentensi "wamepima na kupata" ingetosha. Ingebeba kazi yao yote na isingeongeza hata punje ya hakika ambayo wao hawakuwa nayo.

Hapa nitachomoka kidogo, kwa sababu jambo hili la vitenzi lina upendeleo ndani yake ambao sikuuona mpaka nilipokaa Remba. Vyombo vyetu vya habari humgawia nani kudai, na nani kugundua? Kwa miaka mingi wavuvi wa sehemu hizi, hasa wale wa kisiwa jirani cha Migingo, wamelalamika kwamba hunyang'anywa samaki na injini na maafisa wa usalama. Soma habari hizo. Mvuvi "anadai" amepigwa, hata akiwa amesimama mbele ya mwandishi na alama mgongoni. Mtafiti aliye Ulaya, mbali na macho ya mwandishi, "amegundua". Simaanishi kila mvuvi aaminiwe bila kuulizwa. Ila tunapogawa vitenzi tunagawa pia imani, na mara nyingi tunaigawa kwa kutazama viatu vya msemaji.

Turudi kwenye sentensi. Neno la pili lenye kesi ni kupita, nalo hilo nililiona kwa msaada wa yule mzee. Nilipomweleza kwamba chembe zilipita ardhini kilomita 730, alinikatiza.

"Chini ya mawe?"

"Chini ya mawe."

"Na huo mwanga waliokuwa wanashindana nao, ulipita wapi?"

Nilikaa kimya. Kwa umri wangu wote wa kufundisha lugha sikuwahi kuulizwa swali zuri kama hilo kuhusu habari hii. Mwanga haukupita popote! Haupenyi mwamba. Hakuna mwanga uliowekwa mstarini pamoja na nyutrino, kipenga kikalia, mmoja akafika kwanza. Kilichofanyika ni hesabu: umbali ukapimwa kwa makini ya sentimita 20 hivi, muda ukapimwa kwa saa zilizooanishwa kwa setilaiti, umbali ukagawanywa kwa muda, na jibu likalinganishwa na kasi ya mwanga inayojulikana, mita 299,792,458 kwa sekunde. Mashindano yalikuwa ya namba juu ya karatasi. Lakini kupita kwa Kiswahili ni kitenzi cha barabarani. Gari limelipita gari. Mwanafunzi amempita mwenzake. Kinahitaji wawili wanaokwenda. Isitoshe, kitenzi hichohicho hubeba maana ya kupenya: maji yamepita kwenye nyufa. Kwa hiyo msikilizaji wangu alipewa "chembe zilizopita ardhini zimeupita mwanga", na kama alidhani kuna shimo refu ambamo mwanga na chembe vilikimbizana, kosa si lake.

Tena asijione mjinga. Siku ileile, wizara ya elimu ya Italia ilitoa taarifa ya kujipongeza iliyosema kwamba Italia ilichangia takriban yuro milioni 45 katika ujenzi wa handaki baina ya CERN na Gran Sasso. Handaki la kilomita 730, chini ya milima ya Alps! Halipo, halijawahi kuwapo, na Waitaliano wenyewe walicheka kwa wiki kadhaa. Ikiwa ofisi ya waziri iliteleza hapo, na walikuwa na wanafizikia wa kupigia simu, mvuvi aliyesikia sekunde 30 za redio katikati ya mawimbi ana lawama gani?

Kuhusu chembe sina ugomvi mkubwa. Neno ni letu, ni zuri, na sioni sababu ya kulikimbia. Linalonitatiza ni kwamba chembe ya mchanga huonekana na hushikika, nayo nyutrino haikupi nafasi hiyo hata kidogo. Omena ana majina matatu Remba na hapotezi mtu kwa sababu yuko juani. Kitu kisichoonekana hakina anayekitetea isipokuwa maneno tunayokivika, na ndiyo sababu mfasiri wa habari za sayansi anapaswa kuwa na woga kidogo. Mimi sikuwa nao.

Nadharia ni kesi kubwa zaidi. Katika shule zetu, katika vyuo vya udereva, hata katika mitihani ya mapishi, nadharia ni ile sehemu ya karatasi; kazi halisi huitwa vitendo. "Huyu anajua nadharia tu" ni tusi. Kwa hiyo mtu akisikia nadharia ya Einstein imepinduliwa, anaelewa kwamba mzee mmoja mwenye nywele za kusimama alikuwa na wazo lake na sasa wameliona si kweli. Hajui kwamba nadharia ya uhusianifu, iliyotolewa mwaka 1905, imejaribiwa maabarani kwa zaidi ya karne, wala kwamba saa za setilaiti ambazo OPERA walizitegemea katika vipimo vyao hurekebishwa kwa kuifuata nadharia hiyohiyo. Sina neno mbadala la kuleta leo. Ningetosheka kama mwandishi angeongeza nusu sentensi: "ambayo imestahimili majaribio kwa zaidi ya miaka 100".

Nusu sentensi nyingine ingepatikana maktabani. Mwezi Februari 1987 nyota ililipuka katika kundi jirani la nyota, mahali palipo mbali zaidi ya miaka ya mwanga 160,000. (Mwaka wa mwanga, kwa njia, ni umbali, ingawa jina linadanganya, mwanafunzi aliyeniandikia kwamba babu yake ana miaka miwili ya mwanga nilimpa alama moja ya ucheshi.) Nyutrino za mlipuko ule zilinaswa duniani saa tatu hivi kabla ya mwanga wake kuonekana, na hata hizo saa tatu zina maelezo: mwanga ulichelewa kutoka ndani ya nyota. Kama nyutrino zile zingekuwa na wepesi ule wa OPERA, zingetangulia kwa takriban miaka minne. Nguvu za nyutrino hizo hazikuwa sawa na za CERN, kwa hiyo hoja hii peke yake haikumaliza ubishi. Ilitosha kumfanya mwandishi ashushe sauti.

Mwezi Novemba 2011 OPERA walirudia. Safari hii walituma nyutrino kwa mafungu mafupi sana, wakapata matukio 20, na jibu likawa karibu lilelile. Nami nikatafsiri tena. Niliandika: "Wanasayansi wathibitisha." Nilipomsomea mzee hiyo, alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuketi.

"Mwalimu, hapa ajenti akija kununua mbuta anakuja na mizani yake. Ukiona kilo ni kidogo, anakwambia sawa, tupime tena. Anapima tena. Kwa mizani hiyohiyo. Hiyo ni kuthibitisha?"

Si kuthibitisha. Ni kurudia. Kiswahili kina maneno mawili tofauti kabisa kwa mambo mawili tofauti kabisa, na mimi nikachukua lile lisilofaa kwa sababu lilisikika zito. Jaribio la Novemba liliondoa shaka moja, ile ya namna mafungu ya chembe yalivyohesabiwa. Saa ilikuwa ileile, na waya wake uleule.

Waya ndio uliokuwa na neno. Februari 2012 OPERA wenyewe walitangaza kwamba wamepata hitilafu mbili. Ya kwanza ilikuwa katika kiungo cha waya wa nyuzi za kioo uliopeleka ishara ya setilaiti kwenye saa kuu ya maabara: kiungo hakikukazwa vizuri, na ishara ikawa inachelewa kwa nanosekunde 73 hivi. Ya pili ilikuwa katika mwendo wa saa yenyewe, na ilivuta upande wa pili kwa nanosekunde 15 hivi. Jinsi kuchelewa kwa ishara kunavyozifanya chembe zionekane zimewahi, mvuvi yeyote anaelewa. Radi ikimulika ziwani, yeye huhesabu mpaka asikie ngurumo, na kila sekunde tatu anajua ni kilomita moja. Sasa akichelewa kuanza kuhesabu, hesabu yake itakuwa fupi, na ngurumo itaonekana imefika mbio kuliko ilivyofika. Ngurumo haikubadilika. Ni yeye aliyechelewa kufungua hesabu.

Machi 2012 kundi jingine, ICARUS, lililokuwa katika maabara hiyohiyo ya chini ya mlima na likipokea nyutrino kutoka CERN vilevile, lilitoa vipimo vya nyutrino saba, nazo zilikuja kwa kasi ya mwanga kama inavyotarajiwa. Hiyo ndiyo mizani nyingine. Mwisho wa mwezi huo viongozi wawili wa OPERA, Antonio Ereditato na Dario Autiero, walijiuzulu nyadhifa zao. Juni 2012, katika kongamano la Kyoto, makundi manne ya Gran Sasso, OPERA wakiwamo, yalileta vipimo vinavyokubaliana na kasi ya mwanga. Tofauti ya OPERA ilishuka kutoka nanosekunde 60 hadi sita na ushei, ilhali kiasi cha shaka katika kipimo kilikuwa kikubwa kuliko tofauti hiyo yenyewe.

Ilibidi nitumie maneno "kiasi cha shaka" hapo juu, na ni kusudi. Vipimo vyote vya kisayansi huja na kijinamba cha pembeni kinachosema jibu laweza kusogea huku au kule kwa kiasi gani. Waandishi wetu wengi hukiita "makosa". Matokeo yake ni kwamba mtafiti mwaminifu aliyetaja mipaka ya kipimo chake huonekana amekiri kuvurunda, na yule asiyetaja chochote huonekana hodari. Napendekeza tuwe na maneno matatu. Kiasi cha shaka kwa hicho kijinamba, ambacho si aibu ya mtu. Hitilafu kwa waya uliolegea. Na kosa tuliachie binadamu, mfano mimi.

Maana ya Februari 2012 sikuitafsiri. Niliiona ikija kwenye mtambo, nikasoma mistari miwili, nikaiona haina uzito, nikachukua habari ya mpira. "Waya ulikuwa umelegea" si kichwa cha habari kinachomfanya mtu aongeze sauti ya redio. Ndiyo maana mzee wa Remba alikaa na mwanga uliopitwa mpaka mwezi uliopita.

Utaniambia: madhara yako wapi? Mvuvi akiamini nyutrino zinaushinda mwanga, omena watapungua? La, hawatapungua. Ila kibandani mle alikuwamo mama anayetuuzia chai, na alikuwa akisikiliza. Aliinama chini ya meza akatoa simu, na kwenye kifuko cha simu kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Kilisema wanasayansi "wamegundua tiba" ya virusi vya ukimwi. Kaunti hii ni miongoni mwa zile zilizoumizwa zaidi na ugonjwa huo nchini, na visiwa vya wavuvi vimeumizwa kupita bara. Hakuniambia kipande kilikuwa cha nini kwake, nami sikuuliza. Aliuliza jambo moja tu: kama imegunduliwa, mtu anayemeza tembe za kliniki aendelee kumeza au angoje hii?

Nilikisoma kipande chote, mpaka aya ya mwisho ambako wahariri hufukia ukweli. Majaribio yalikuwa ya panya.

Nilimwambia: mama, aendelee kumeza, asiruke hata siku moja, na akiwa na swali amwulize daktari wa kliniki. Hawa hawajagundua tiba. Wamejaribu kitu kwa panya na wameona dalili nzuri. Akauliza, "Sasa kwa nini hawakuandika hivyo?"

Nchi hii ilikwisha kupata funzo hili kwa gharama. Mwaka 1990 Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, ilikuja na Kemron, dawa ya kumeza iliyotengenezwa kwa kiasi kidogo cha kemikali iitwayo interferoni, na habari zikasema wagonjwa wa ukimwi walipata nafuu kubwa. Rais Daniel arap Moi mwenyewe aliitangaza. Watu walikuja kuitafuta hata kutoka nje ya nchi. Majaribio yaliyofuata, likiwamo la Uganda lililowalinganisha waliopewa dawa na waliopewa kidonge kisicho na dawa, hayakuona manufaa. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka vizuri sana siku Kemron ilipotangazwa. Nimewauliza wenzangu sita kazini wanaambie lini na wapi walisikia kwamba haikufanya kazi. Hakuna aliyekumbuka. Iliyeyuka tu.

OPERA na Kemron si sawa, na sitaki msomaji aniambie nimechanganya maji na mafuta. OPERA waliomba kusahihishwa, wakajisahihisha wenyewe ndani ya miezi mitano, na hakuna aliyelala na matumaini ya uongo kitandani. Ninacholinganisha ni sentensi zetu. Kitenzi kilichowabeba ni kilekile, na kimya kilichowafuata ni kilekile.

Jioni, kabla ya mashua kurudi Mbita, mzee alinitaka niitafsiri upya habari yangu ya 2011 hapohapo, yeye akisikiliza. Nilijaribu: "Watafiti barani Ulaya wamepima muda wa safari ya chembe ziitwazo nyutrino na kupata kwamba zilifika mapema kidogo kuliko ambavyo mwanga ungefika. Jibu hilo linakwenda kinyume na fizikia iliyojaribiwa kwa zaidi ya karne, na wao wenyewe wameomba wenzao walichunguze."

Alifikiri. "Ni sawa. Lakini hiyo ni ndefu, na haina utamu. Usiku, mawimbi yakipiga, ningebadilisha stesheni."

Sikuwa na jibu zuri, na sina mpaka sasa. Nilimwambia labda mwisho ungeondoa chumvi ile: "wameomba wenzao walitafute kosa". Hapo alitikisa kichwa kukubali. Alisema hilo angelisikiliza, kwa sababu angetaka kujua kama kosa lilipatikana, na nani alilipata.

Kwa wahariri watakaonipigia simu kuuliza mbona sikuzungumzia "huenda", lile neno letu la vichwa vya habari ambalo hutisha bila kuahidi, nimeliweka kando kwa juma lijalo, pamoja na "utafiti umebaini".